Shahada ya Fundi: Je, ni Cheo au ni Dhamana?



Yako mabishano ambayo siku hizi hayakosekani katika nyumba zetu za hapa Namanyere, hasa baada ya mavuno, fedha ya mahindi inapoonekana. Kijana amemaliza stashahada ya ufundi mitambo, au ya umeme, au ya ujenzi. Amepata kazi, au walau vibarua vya heshima. Mara asema ataka kurudi chuoni kusomea shahada ya kwanza ya teknolojia ya uhandisi. Baba humwuliza, "Kwani wewe si fundi tayari? Nati utakayoifungua ukiwa na shahada si ile ile unayoifungua leo?" Kijana hujibu kwamba bila shahada ataitwa fundi mpaka kufa. Mama hunyamaza, maana yeye ajua kwamba fedha isipotosha watauzwa maksai.

Nimeombwa ushauri juu ya jambo hili mara kadhaa, kwa kuwa watu hudhani mwalimu mstaafu hana kazi nyingine. Nami naona swali lenyewe ni zito kuliko ada. Mtu anapotafuta elimu ya juu katika kazi ambayo mikono yake yaijua tayari, anatafuta kitu gani hasa? Na wale waliomgharimia, wana haki ya kudai nini kwake?

Kwanza tuitazame njia yenyewe, kwa sababu wazazi wengi hawaijui. Zamani mlango mkubwa wa uhandisi ulikuwa mmoja: kidato cha sita, hisabati na fizikia, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973. Aliyepitia karakana alikuwa na njia yake ya pembeni. Alisoma labda Ifunda au Moshi, shule zilizoanza kuwa za ufundi tangu wakati wa Mwingereza, akaenda Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka 1957, akatoka na cheti cha FTC ambacho wazee wa kazi hukitaja kwa heshima hata leo. Baadaye ikaongezwa stashahada ya juu. Hapo njia ikagota ukutani. Mtu aliweza kuwa tegemeo la kiwanda kizima, lakini ngazi ya shahada haikuwa upande wake wa nyumba.

Mwaka 1997 sheria ilikigeuza chuo kile kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ndiyo DIT, na shahada ikaja kutolewa humo. Arusha, chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1978 nacho chatoa shahada. Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1986 kilifanywa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012. Ndicho hiki kinachoitwa MUST, ambacho kimefungua tawi hata katika mkoa wetu wa Rukwa. Masomo yamepangwa kwa ngazi, tangu ya 4 ya cheti, ya 6 ya stashahada, mpaka ya 8 ambayo ni shahada. Kwa hiyo aliyeingia kwa mlango wa karakana aweza kupanda mpaka juu bila kupita kidato cha sita. Hilo ni jambo la haki, nami nalifurahia.

Lakini akifika juu amekuwa nani? Tuchukue mashine ya kusaga, kitu ambacho kila mmoja wetu amewahi kukisubiri na debe lake. Mashine hii inaunguza beringi kila baada ya miezi miwili. Fundi mchundo huja na spana zake, hutoa beringi iliyoungua, huweka mpya, unga unaendelea kutoka. Kazi yake ni ya lazima, na akikosekana wote twalala njaa. Fundi sanifu akija, hatabadilisha beringi tu. Atapima kama puli ya injini na puli ya kinu zimelingana, maana mkanda unaovuta upande huumiza shafti. Mwenye shahada ya teknolojia ya uhandisi, kama ameisoma sawasawa, atauliza zaidi. Mkanda umekazwa kwa nguvu kiasi gani? Beringi hii ilitengenezwa kubeba mzigo gani? Injini yazunguka mara ngapi kwa dakika? Msingi wa zege mbona umepasuka na kutikisika? Naye anajua jambo ambalo macho hayawezi kumwonyesha mtu: kwamba beringi ya gololi ikizidishiwa mzigo mara 2, maisha yake hayapungui kuwa nusu, bali hupungua hata kuwa sehemu 1 ya 8. Yaani mwenye mashine anayekaza mkanda kwa nguvu, akidhani anaiimarisha, ndiye anayeila beringi yake mwenyewe. Mhandisi naye, kwa maana kamili ya neno, ni yule anayeweza kukaa na karatasi na kubuni kinu ambacho hakijawahi kuwapo.

Mtaona kwamba hawa wanne hawapishani kama vyeo vya jeshi. Kila mmoja anajibu swali lake. Wa kwanza ajibu, "Tufanye nini sasa hivi?" Wa pili, "Kosa liko wapi?" Wa tatu, "Kwa nini lajirudia, na tulizuieje kwa njia zinazojulikana?" Wa nne, "Je, hapakosekani njia nyingine kabisa?" Ni kweli kwamba maswali ya mwisho yanahitaji miaka mingi zaidi ya masomo. Lakini usiku wa manane, mgonjwa yuko mezani na jenereta ya hospitali imezimika, swali la kwanza ndilo kubwa kuliko yote.

Dunia nayo imeona haja ya kuwatofautisha. Yako makubaliano ya mataifa ya kutambuana elimu: ya Washington, ya mwaka 1989, kwa ajili ya wahandisi, ya Sydney, ya mwaka 2001, kwa wateknolojia wa uhandisi, na ya Dublin, ya mwaka 2002, kwa mafundi sanifu. Jirani zetu wa Kenya walipata msukosuko juu ya jambo hili. Vijana waliohitimu shahada ya teknolojia ya uhandisi walikuta Bodi ya Wahandisi haiwakubali kuwa wahandisi, wakalalamika kwamba wamesoma miaka yao bure. Mwishowe, mwaka 2016, ikapitishwa sheria ya kuunda bodi nyingine ya kuwasajili wateknolojia na mafundi. Kwetu pia, mwenye shahada haitwi mhandisi mbele ya sheria mpaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo asili yake ni mwaka 1968. Kwa hiyo namshauri kila mzazi: kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwulize mtoto jina kamili la shahada ile, na uliza Bodi humsajili mtu wa shahada hiyo katika daraja gani. Si aibu kuuliza. Aibu ni kujua baada ya miaka minne.

Sisi tuliotoka vyuo vya ualimu twaijua sana vita hii ya majina. Mwalimu wa daraja A alimfundisha mtoto kusoma. Mtoto akakua, akapata shahada, akarudi kuwa mkuu wa mwalimu wake. Sikuona ubaya katika hilo. Ubaya niliouona ni pale mwenye shahada alipodhani kwamba kwa kuipata amesamehewa kushika chaki.

Sasa nataka niwapeleke kwenye maandiko ya kale yanayoligusa jambo hili kuliko yote niliyosoma. Ni sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya majirani zetu Wakatoliki, nasi Waanglikana hukisoma kwa ajili ya mfano wa maisha ingawa hatukitumii kuthibitisha mafundisho. Mzee yule asema kwamba hekima ya mwandishi hutokana na nafasi, yaani wakati usiobanwa na kazi. Auliza, mtu anayeshika jembe la kukokotwa, anayeswaga ng'ombe na ambaye mazungumzo yake yote ni ya ndama, atapata wapi hekima? Kisha amtaja mhunzi aliyechomwa na mvuke wa moto, nyundo ikimlia masikioni, na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu. Akiri kwamba bila hao hakuna mji unaokalika. Hata hivyo, asema, hawaitwi katika baraza wala hawaketi katika kiti cha hukumu.

Mfipa asomaye maneno hayo, mwenye maksai zizini na habari za ndama mdomoni, ana haki ya kukunja uso. Lakini tumsikilize mzee vizuri. Hasemi kwamba mhunzi ni mjinga kwa asili. Asema hana nafasi. Fundi wetu wa mashine ya kusaga hakosi akili ya kuuliza kwa nini beringi inaungua. Anakosa siku moja ya kukaa chini na kuuliza, kwa kuwa watu wamepanga foleni na madebe yao, na mwenye mashine amesimama juu yake. Basi, ukiliondolea neno shahada joho na picha za ukutani, hubaki hiki: miaka mitatu minne ya nafasi. Ni ruhusa ya kuuliza "kwa nini" bila mtu kukuswaga.

Na nafasi haitoki mbinguni kama mvua. Kijana anapokaa maktabani Mbeya akikokotoa nguvu za mkanda, kuna mtu Namanyere anayelima mahali pake, na mwingine anayelipa kodi ili mkopo wa wanafunzi uwepo. Nafasi yake ni jasho la wengine lililogeuzwa kuwa saa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na kijana asemaye, "Shahada ni yangu, nimeisotea." Ameisotea kweli, lakini saa alizosotea alizikopa.

Wengine watasema kwamba babu zetu walifanya makubwa bila shahada. Ni kweli, tena kweli kubwa. Katika Ufipa yetu chuma kiliyeyushwa katika tanuri refu liitwalo ilungu, urefu wake ukifika mita 3 hivi, bila mivukuto yoyote. Hewa ya moto ilipanda yenyewe na kuvuta hewa mpya chini kwa njia ya matundu na mirija ya udongo, kwa kanuni ile ile inayofanya bomba la moshi livute. Chuma kilichotoka kilikuwa na takataka bado, kikapelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, ambamo kilisafishwa kwa mivukuto. Ndipo mhunzi akapata kitu cha kufulia jembe. Huko Buhaya, wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika mwaka 1978 kwamba mafundi wa kule walipata chuma cha pua katika matanuri yao kwa kuitanguliza hewa ipate joto kabla ya kufika motoni. Asiyeita kazi hiyo uhandisi hajui maana ya neno.

Lakini ulizeni iko wapi leo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 malungu yalizimika, kwa kuwa jembe la dukani lilikuwa rahisi kupatikana, na ujuzi ukazikwa pamoja na wenyewe. Ulikuwa siri ya mkuu wa tanuri na wale aliowachagua. Haukuandikwa, wala haukupimwa mbele ya watu. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia Mtanzania, alipochunguza habari za chuma katika Nkasi yetu miaka ya 1990, ilimbidi asome mabaki ya matanuri na takataka za chuma zilizotapakaa porini, kama mtu anayesoma barua iliyochanika. Hasara ile hainifanyi niwadharau wazee. Yanifanya niseme kwamba ujuzi wa mkono unahitaji ndugu yake, yaani sababu iliyoandikwa, ili mwingine aweze kuuhakikisha na kuuendeleza. Kijana anayeujua mkono na sababu pamoja ndiye hasa mtu aliyekosekana malungu yalipozimika.

Nimesema kwamba nafasi ni mkopo. Unalipwaje? Si kwa kuleta fedha nyumbani tu, ingawa fedha ikija hatutaifukuza. Mkopo huu hulipwa kwa kubeba dhamana. Mwenye shahada huwekewa karatasi mbele yake atie sahihi: kwamba nguzo hizi zatosha, kwamba nyaya hizi hazitaunguza nyumba, kwamba maji haya hayatabomoa ukingo. Sisi wengine hatuna namna ya kupima. Twapanda ghorofani, twawasha taa, twalala, kwa kuwa mtu fulani alitia sahihi. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Sitaki kuhukumu kesi ya mtu katika ukurasa huu. Nataka tukumbuke tu kwamba wale waliokufa hawakuwa na nafasi ya kuhakiki hesabu za zege. Wengine waliamini mtu.

Kuna mfano wa upande mwingine, nao umepita katika maji yetu hapa Kipili. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku 5,000 hivi mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena na mafundi wa meli wakiongozwa na Anton Rüter. Mwaka 1916, vita ilipowashinda, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena, ikawabeba baba zetu na samaki wao kwa miaka mingi sana. Bila shaka Wajerumani walitumaini kuirudia wao. Hata hivyo grisi ile haikuuliza ni nani atakayeiwasha mitambo baadaye. Mtu aliyeipaka hakulipwa zaidi kwa ajili yetu. Ndiyo maana nikiulizwa mwenye shahada ya ufundi afananeje, humtaja huyo, ambaye hata jina lake hatulijui.

Basi turudi kwenye maksai. Namwambia baba: usiuze ng'ombe wa kulimia. Anayeuza maksai ili kumsomesha mmoja amewaondolea wadogo zake chakula na nafasi yao vilevile, na kijana atasoma huku moyo wake ukimsuta. Afadhali mwenye stashahada afanye kazi mwaka mmoja au miwili, aweke akiba, aombe mkopo wa serikali, ndipo aende. Mwaka wa kazini si mwaka uliopotea. Atafika darasani na maswali yake mwenyewe, na mwalimu yeyote atawaambia kwamba mwanafunzi wa namna hiyo hufundishika upesi.

Namwambia kijana: kama wataka shahada ili mikono yako isiguse grisi tena, hiyo si sababu, na chuo hakitakuponya. Lakini kama umefika mahali ambapo kazi yenyewe inakuuliza maswali nawe huna la kuijibu, nenda, nami nitakuwa wa kwanza kumshawishi baba yako. Neno hili ni kwa binti vilevile. Nimewasikia wazee wakisema mafuta ya dizeli hayamfai msichana. Nami nawauliza, mahindi wanayosagiwa kila siku huwa yamebebwa na nani mpaka mashineni?

Limebaki jambo moja, la yule fundi mchundo mwenye miaka 50, asiye na cheti chochote, ambaye vijana wote wa stashahada hapa mjini walijifunza kwake kusikiliza injini. Yeye hatasoma shahada, wala haitaki. Hata hivyo VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya, hujazilizwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Wale wanaowatuma watoto vyuoni na wamfikishie habari hizo. Na kijana wa shahada akirudi likizo, ampitie kwenye mashine na daftari lake, wakae pamoja juu ya ile beringi. Mzee amwonyeshe mlio wake, naye amwonyeshe mzee hesabu ya ile sehemu 1 ya 8.